Unaimeza omeprazo mwaka wa ngapi sasa? Pita hapa kabla hujanunua stripu nyingine

Dirishani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nimeamua niliandike lote, ni refu mtanisamehe, ila kama wewe au mama yako nyumbani mnatumia dawa za kupunguza asidi tumboni naomba usome mpaka chini.

Mimi natoa dawa famasi, huu mwaka wa 9. Ukiacha dawa za maumivu, zinazotoka sana dirishani kwangu ni hizi za tumbo. Mtu anafika anasema "nipe omeprazo zangu", anasema ZANGU, kama anavyosema chumvi yangu au sabuni yangu, anachukua stripu moja ya kumi, baada ya siku kumi yuko hapo tena. Ukimuuliza ulianza lini anakwambia kipindi kile mwanangu yuko darasa la nne, na mtoto mwenyewe saizi yuko kidato cha pili. Nani alikuandikia? Hakumbuki. Ulipimwa? "Nilipimwa nikaambiwa nina vidonda vya tumbo." Kipimo gani? Hapo kimya.

Kilichonisukuma kuandika ni mama mmoja mteja wangu. Ana miaka sitini na kitu, anauza mboga sokoni, anakaa kwenye kigoda tangu alfajiri mpaka jua linazama, magoti yamekwisha kabisa. Kwangu alikuwa ananunua diklofenaki za magoti na omeprazo za tumbo, vyote mfuko mmoja, na mimi nilikuwa nampa. Nasema wazi, nilikuwa nampa, miezi mingi tu, kwa sababu ni mteja wa siku zote na foleni iko nyuma yake.

Siku hiyo kaja na mjukuu wake, akaniambia hizi kapsuli zako zinanikwama kooni mwanangu, ndo maana huwa nazifungua, namwaga zile punje kwenye kijiko, nazisaga kwa mgongo wa kijiko kingine mpaka ziwe unga alafu nakoroga kwenye uji wa moto. Akanionyesha na namna anavyosaga, kidole gumba kinazunguka juu ya kaunta. Mimi macho yangu yakawa kwenye kiganja chake, cheupe kama cha mtu aliyetoka kukanda unga wa chapati. Nikamuuliza taratibu, mama choo chako kikoje siku hizi? Akasogea karibu na kioo akaninong'oneza, cheusi baba, kinanata, kina harufu mbaya, wiki ya pili sasa, nikasema labda ni hizi mboga za majani nnazokula.

Sikumuuzia kitu. Nilimwachia mwenzangu dirisha, tukapanda bajaji mimi, yeye na mjukuu mpaka hospitali. Wekundu wa damu ulikuwa gramu 5. Akaongezewa uniti tatu, wakamwingiza ule mpira wenye kamera wakakuta kidonda tumboni kinavuja damu. Yuko hai, namshukuru Mungu, yuko sokoni anauza mchicha wake. Ila ningempima kwa macho miezi mitatu nyuma asingefika pale.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa, maana hapa ndipo wengi tunapokosea.

Zile punje ndani ya kapsuli kila moja imepakwa koti lake. Koti lipo kwa sababu omeprazo yenyewe inaharibiwa na asidi, inatakiwa ipite tumboni salama ikafyonzwe kwenye utumbo mwembamba, iingie kwenye damu, ndipo irudi kufanya kazi kwenye ukuta wa tumbo. Ukiisaga umevua koti, asidi inaimaliza pale pale. Kwaiyo yule mama kwa miezi yote hiyo alikuwa kama hamezi dawa ya tumbo, huku diklofenaki inaingia kila siku asubuhi na jioni. Na diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao zote zinapunguza ule ute unaofunika ukuta wa tumbo. Ute ukipungua asidi inagusa nyama.

Kama kumeza kunakusumbua inaruhusiwa kufungua kapsuli, ila punje zibaki nzima. Zimwage kwenye kijiko cha mtindi au juisi ya matunda ya baridi, meza bila kutafuna, shushia maji, na usichanganye ukaacha ikae. Uji wa moto hapana. Maziwa ya moto hapana. Na zile za kidonge kama pantoprazo usikate wala kuponda.

La pili ni muda, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Ndani ya ukuta wa tumbo kuna vipampu vidogo vidogo ambavyo ndo vinamwaga asidi, na vinaamka mtu akila. Omeprazo inazima vile vilivyoamka tu, vilivyolala haivigusi, na yenyewe haikai kwenye damu muda mrefu, baada ya saa chache imeshaisha. Kwaiyo inabidi iwe imeshafika kwenye damu wakati pampu zinaamka. Maana yake unameza asubuhi tumbo tupu, unakaa nusu saa mpaka saa nzima, ndipo unakunywa chai. Wewe unayekula ugali saa tatu usiku, unameza kapsuli saa nne, unalala, unapoteza sehemu ya hela yako alafu unasema dawa feki.

Na haitulizi papo hapo. Inachukua siku tatu nne kufika nguvu yake kamili. Ukiimeza leo kwa sababu pilau la harusi limekuchoma, imekuja baada ya pilau. Kiungulia cha siku moja kinatulizwa na zile za kutafuna, magnesium nyeupe zenye ladha ya mnanaa au dawa ya maji ya tumbo, dakika chache umepata nafuu.

La tatu, dozi ina mwisho. Kiungulia cha kucheua kwa kawaida ni wiki 4 mpaka 8. Kidonda cha mwanzo wa utumbo kama wiki 4, cha tumboni wiki 8. Bakteria wa H. pylori siku 14 pamoja na antibayotiki. Nchi nyingi zinazouza bila cheti cha daktari kwenye boksi wanaandika siku 14 basi, ukiona bado nenda kapimwe. Miaka mitatu mfululizo bila mtu kujua unatibu nini haipo kwenye mpango wowote.

Wapo wanaotakiwa kuinywa muda mrefu, hao nawaheshimu na nawaomba wasiache kwa ajili ya uzi wangu. Mtu aliyewahi kutoka damu tumboni na bado lazima anywe aspirini ya moyo, mtu ambaye koo la chakula limechubuka vibaya na asidi, hao daktari wao anajua sababu. Ninaowasema ni sisi wengine.

Ukiinywa miaka, asidi ikiwa chini muda wote, vitamini B12 inafyonzwa kidogo, na kama unatumia na metfomini ya sukari ambayo nayo inapunguza B12 ndo kabisa, unaanza ganzi miguuni unasema ni sukari. Magnesiamu ya mwilini inaweza kushuka, misuli inakakamaa, moyo unaenda mbio. Mifupa kuvunjika kirahisi, kuhara kubaya kwa bakteria, figo kuvimba, vyote vimeandikwa kwenye maonyo ya dawa hizi. Kwa mtu mmoja mmoja hatari ni ndogo, sitaki mtu alale na hofu. Lakini hatari ndogo unaikubali ukiwa na sababu, na wengi sababu hatuna.

Naomba niishie hapa kwanza. Ulizeni, nipo.

mlima_uluguru

Mkuu ubarikiwe sana. Mimi ni mwaka wa 3 na hapo kwenye "zangu" ni mimi kabisa. Niliandikiwa mg 40 kipindi nina kiungulia kikali, nikapona ndani ya mwezi, nikaendelea tu. Shida ni kwamba nikiacha siku mbili tatu moto unawaka kuliko hata ule wa mwanzo, mpaka usiku nakaa kitandani nimeegemea ukuta. Si ina maana vidonda havijapona? Ndo maana narudi dukani.

Dirishani

Mkuu swali lako ndo roho ya uzi mzima, na ningependa kila mtu asome jibu hili.

Tumbo likizimwa asidi muda mrefu mwili hauridhiki. Unatoa homoni inaitwa gastrini inayopiga kelele kwamba asidi haitoshi, na zile seli za kutengeneza asidi zinaongezeka nguvu. Siku ukiacha dawa ghafla breki imetoka, mashine ni kubwa kuliko ulivyoianza, asidi inamwagika kupita kiasi kwa wiki kadhaa. Ule moto unatokana na kuacha.

Mwaka 2009 walichapisha utafiti wa Denmark. Walichukua watu 120 wazima kabisa wasio na shida yoyote ya tumbo. Kundi moja wakapewa esomeprazo, ndugu wa omeprazo, wiki 8 alafu bila wao kujua wakabadilishiwa kidonge kisicho na dawa wiki 4, kundi la pili kidonge kisicho na dawa wiki zote 12. Zile wiki za mwisho, kati ya waliotoka kwenye dawa 44 kwa kila 100 walipata kiungulia au kucheua, wale wengine 15 kwa kila 100. Fikiria, watu ambao tumbo halijawahi kuwauma wametengenezewa kiungulia na kuacha dawa ya kiungulia.

Kwaiyo usiache kwa kukata. Mwambie daktari au mfamasia wako unataka kushuka. Kawaida unatoka mg 40 unaenda 20 wiki mbili, alafu siku ukimeza siku usimeze wiki mbili nyingine, alafu unaacha, na moto ukipanda katikati unatafuna magnesium mbili au unakunywa ya maji. Chakula cha usiku kiwe masaa matatu kabla ya kulala, inua kichwani mwa kitanda kwa tofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda, mito kurundika haisaidii maana inakunja tumbo. Lala ubavu wa kushoto. Ila nijibu kwanza haya: umepungua uzito bila kutaka? Chakula kinakwama ukimeza? Umewahi kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa? Choo cheusi? Unakunywa dawa za maumivu mara kwa mara?

mlima_uluguru

Hapana zote mkuu. Uzito umeongezeka hata. Dawa za maumivu situmii. Naanza kushuka kesho, nitaleta mrejesho humu humu.

kona_ya_mabibo

Mimi niseme ukweli, naheshimu elimu yako ila hizi dawa zinakufunga uwe mteja wa maisha. Bibi yangu alitumia juisi ya kabichi na maziwa fresh asubuhi akapona kabisa. Vidonda vinaletwa na mawazo, kuchelewa kula na pilipili. Mtu aache mawazo, ale kwa wakati.

Dirishani

Kaka nakuelewa na bibi yako simpingi, kama aliona nafuu aliona nafuu. Kula kwa wakati ni jambo jema, na pilipili ikikuchoma acha pilipili. Ila kuhusu chanzo, dunia nzima ilikuwa inaamini kama wewe mpaka miaka ya 80.

Kulikuwa na madaktari wawili Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall. Waliona kwenye matumbo ya wagonjwa bakteria aliyejiviringa, wenzao wakasema haiwezekani, bakteria gani aishi kwenye asidi. Mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria hao kwenye kikombe akanywa mwenyewe. Siku chache akaanza kutapika na pumzi kunuka, wakammulika wakakuta tumbo limevimba na bakteria wamejaa. Mwaka 2005 wakapewa Nobel wote wawili. Tangu hapo tunajua vidonda vingi vina vyanzo viwili vikubwa, bakteria huyo na dawa za maumivu. Mawazo yanazidisha maumivu kweli, lakini ukimaliza mawazo bakteria bado yupo.

Maziwa yanapooza kwanza alafu kalsiamu na protini yake vinaliamsha tumbo limwage asidi zaidi, ndo maana unaamka saa nane usiku. Kabichi ni chakula, kula. Ninachoogopa ni ule unga kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, unaouzwa stendi kwamba unamaliza vidonda siku 7. Hujui ndani kuna nini, na mgonjwa wa presha anaunywa juu ya dawa zake.

kona_ya_mabibo

Ya kikombe sikuwahi kuijua. Sawa mkuu, nimechukua.

Binti Mwanza

Shikamoo mkuu. Mimi nimetibiwa H. pylori mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kila nikipimwa damu inatoka pozitivu, napewa ile boksi ya mchanganyiko ya siku 14, ya mwisho nilikuwa nalia, mdomo mchungu kama nimelamba sarafu wiki mbili nzima, chakula chote kina ladha ya chuma. Juzi nimepima tena, pozitivu. Nimekata tamaa.

Dirishani

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Usinunue boksi ya nne. Nisome taratibu.

Kile kipimo cha tone la damu hakimtafuti bakteria, kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi yake. Kinga hiyo inabaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwaiyo inawezekana kabisa ulipona dozi ya kwanza na hizo mbili umezinywa bure. Kwa kuangalia kama umepona kuna kipimo cha choo, cha antijeni, au kile cha kupuliza pumzi, na kamera ikichukua kinyama. Ukienda sema hivi, "naomba H. pylori ya choo". Ulizia hospitali ya mkoa au maabara kubwa.

Lakini kuna mtego, na huu watu wengi wanaupata. Lazima uwe umekaa wiki 2 bila omeprazo wala ndugu zake, na wiki 4 bila antibayotiki yoyote, hata ya kikohozi. Ukipima huku unameza omeprazo bakteria wanajificha, majibu yanatoka safi ya uongo. Katikati ukichomwa tafuna magnesium, hiyo haiharibu kipimo.

Wakati ule wa dozi ulikuwa unameza mara mbili kwa siku, siku zote 14, hakuna iliyorukwa? Maana kawaida ni omeprazo mg 20, amoksisilini gramu 1 na klarithromaisini mg 500, zote asubuhi na jioni. Wengi siku ya 6 wakijisikia vizuri wanaacha, bakteria anabaki na ameshaijua dawa. Kwa aliyewekewa metronidazo badala yake, pombe asiguse. Na ule uchungu wa mdomo ni wa klarithromaisini, unaudhi ila hauna madhara, unaisha na dozi. Na ujue pia zaidi ya nusu ya watu wazima Afrika wanaye huyu bakteria na wengi hawapati kidonda maisha yao yote, kwaiyo usijione una ugonjwa wa kufa.

Binti Mwanza

Hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza hivi. Siku zote nilipima huku nameza. Asante sana kaka yangu, nimeandika kwenye daftari.

mwenye_swali_moja

Mkuu naulizia ndugu yangu anatumia dawa za CTC, kliniki ya VVU. Tumbo linamsumbua, anatafuna sana zile nyeupe, anaogopa kuwaambia kliniki.

Dirishani

Mwambie umefanya vizuri kuuliza na wala asiogope, kliniki wanaulizwa hili kila siku. Dawa za sasa nyingi zina dolutegravia ndani, na magnesium au aluminiamu ya dawa za tumbo inaikamata dolutegravia hukohuko tumboni isifyonzwe. Dawa yake inakuwa imepita tu. Utaratibu ni huu: ameze ya CTC kwanza, akae masaa 2 ndipo atafune nyeupe. Kama ametangulia kutafuna nyeupe, asubiri masaa 6 ndipo ameze ya CTC. Omeprazo yenyewe na dolutegravia hazigombani. Ila kama yuko kwenye mstari wa pili, yaani alibadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa, na anatumia atazanavia, hapo omeprazo asiguse mpaka aongee na daktari, hiyo inahitaji asidi ili ifyonzwe.

Na hii ya kukamatana si ya dawa za VVU peke yake. Sipro, doksi, vidonge vya madini ya chuma, dawa ya tezi ya shingo, vyote usimeze pamoja na nyeupe. Acha nafasi ya masaa mawili angalau, ya tezi iwe manne, na sipro kama umetangulia kutafuna nyeupe iwe sita.

Pwani_Kisauni

Hamjambo, mie niko Mombasa. Nimeona nami niseme jambo. Babangu mwaka jana usiku alisema kifua chamchoma, hapa katikati, tukajua ni asidi, siku zote huwa nayo. Tukamkorogea ule unga wa kutoa gesi akanywa, akacheua, akasema afadhali. Baada ya nusu saa twamuona atokwa na jasho la baridi, kanzu yarowa, mkono wa kushoto wauma mpaka kwa taya. Kumbe ni moyo. Twashukuru Mungu tulifika. Huwa nikikumbuka ile nusu saa tulokaa twamsubiri acheue tena, silali.

Dirishani

Ndugu yangu pole, na asante kwa kulileta maana mimi nililisahau na ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Wakuu someni tena hapo juu. Kifua kinachobana au kuchoma pamoja na jasho, pumzi fupi, maumivu kupanda taya au kushuka mkono, hasa mtu wa presha, sukari au aliyepita miaka 50, hiyo siyo ya kukoroga unga. Ni gari na hospitali. Kucheua akapata nafuu hakuthibitishi kitu.

Naomba nikuulize, mzee baada ya hapo amewekewa klopidogreli? Na tumbo anatumia nini?

Pwani_Kisauni

Ndiyo anayo hiyo na aspirini. Tumbo humchoma bado, hununua omeprazo hapo chemisti karibu na nyumbani.

Dirishani

Basi leo hii piga simu kwa daktari wake wa moyo. Klopidogreli inahitaji kuamshwa na ini ndipo izuie damu kuganda, na omeprazo na esomeprazo zinazuia kimeng'enya hicho hicho kinachoiamsha. Maonyo ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, yapo tangu 2009. Tumbo lake lazima lilindwe maana anakunywa na aspirini, asiache hivi hivi, ila mara nyingi wanampa pantoprazo ambayo haisumbui sana. Na ule unga wa kukoroga una sodiamu nyingi, mtu wa moyo na presha aukae mbali.

Pwani_Kisauni

Nimempigia. Kasema aje na dawa zote kesho asubuhi, na omeprazo aisimamishe. Mungu akuweke.

mtoto_wa_Unguja

Assalam aleikum. Mwezi wa Ramadhani omeprazo tunaipanga vipi? Mie mwaka jana nilimeza baada ya kufuturu, tumbo likaniunguza mwezi mzima.

Dirishani

Waaleikum salaam. Kama ni mara moja kwa siku, fungua kwa maji na tende, meza kapsuli, nenda kaswali magharibi, ukirudi nusu saa imepita ndio unakaa kwenye futari. Inapangika vizuri kabisa. Kama ni mara mbili, ya pili amka nusu saa kabla ya daku. Na baada ya daku usirudi kulala chali hapo hapo, hiyo ndo inayounguza wengi kuliko hata njaa.

fundi_saa

Zile ranitidini zilienda wapi? Zilinifaa sana.

Dirishani

Ilionekana 2019 kwamba ndani yake kunajitokeza kitu kinaitwa NDMA kinachohofiwa kuleta saratani, na kinaongezeka dawa ikikaa stoo kwenye joto. Aprili 2020 FDA wakawataka watengenezaji wazitoe zote sokoni Marekani. Ukizikuta kwenye kabati la nyumbani zirudishe famasi. Ndugu yake famotidini haina tatizo hilo, ukiipata.

mlima_uluguru

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi, ni wiki ya 6 sasa. Nilishuka kama mkuu alivyosema. Siku za kwanza za kuacha kabisa zilikuwa ngumu, siku ya 4 usiku moto ulipanda mpaka kooni, nikashika simu nikataka kumtuma dogo famasi, nikasoma tena huu uzi nikatafuna nyeupe mbili nikakaa kwenye kiti mpaka saa saba. Siku ya 5 ikawa hivyo hivyo. Kuanzia ya 9 ikapungua, leo ni siku ya 13 sijameza kapsuli na jana nimekula maharage usiku saa moja nikalala. Miguu ya kitanda kichwani nimeweka matofali mawili, mke wangu kanuna kidogo ila naye ni mjamzito miezi saba, kiungulia kinamsumbua, kasema yamemsaidia na yeye. Anachukua nyeupe zangu moja moja. Kuna shida?

Dirishani

Hongera sana mkuu, umenifurahisha jioni yangu yote. Nyeupe moja moja kwa siku chache si mbaya, ila aulize kliniki wampe ya kwake, na ule unga wa kukoroga asiutumie. Vidonge vyake vya FEFO, vile vya madini ya chuma vya kuongeza damu, anameza saa ngapi? Kama ni usiku pamoja na nyeupe, damu haipandi. FEFO aweke mchana, nyeupe usiku. Na asishtuke choo kikiwa cheusi, madini ya chuma yanafanya hivyo. Kikinata kama lami na kunuka vibaya, au akiwa anaona kizunguzungu, hapo usingoje asubuhi.

mlima_uluguru

Alikuwa anameza vyote pamoja, kabla ya kulala. Nimemhamishia FEFO saa nane mchana kuanzia leo, na kliniki ni Alhamisi.